Lugha ya Vibao na Njia za Mlimani: Mfano wa Mlima Kenya

1. Utangulizi

Lugha ya magazeti, ya mahakama na ya darasani imekwisha kuzoeleka kama mada ya mijadala ya wanaisimu. Lugha ya kibao kilichosimamishwa kando ya njia haijapata bahati hiyo. Huenda sababu ni kwamba kibao huonekana kuwa kazi ya seremala na ya mpaka rangi, wala si kazi ya mtunzi. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba sivyo. Kibao cha maelezo ni utanzu wa maandishi wenye masharti yake, kama vile shairi lilivyo na yake. Masharti hayo yakipuuzwa, hasara si ya lugha peke yake. Mlimani mtu aweza kupoteza maisha kwa sababu ya sentensi mbovu.

Mfano tutakaoutumia ni Mlima Kenya, hasa njia ya Naro Moru iliyo upande wa magharibi. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya ilianzishwa mwaka 1949, na mwaka 1997 mlima ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kilele cha Batian kina urefu wa mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana, ambacho hufikiwa na wapandaji wa kawaida wasiotumia kamba, mita 4,985. Anayefuata njia ya Naro Moru hupita katika kanda karibu zote za mlima: msitu wa miti mikubwa, mianzi, miti ya juu yenye ndevu za kuvu, vichaka, uwanda wa majani na mimea mikubwa ya ajabu, na mwishowe mawe na barafu. Kila ukanda una la kusema. Swali letu ni hili: useme kwa lugha gani, na useme vipi?

Hoja yetu ni moja, nayo ni kwamba maandishi ya kibao sharti yatungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na yatungwe njiani penyewe. Yasiandikwe kwa Kiingereza ofisini kisha yakatafsiriwa.

2. Kibao cha maelezo ni kitu gani?

Hatuna budi kwanza kutofautisha aina tatu za vibao. Kipo kibao cha mwelekeo, kimwambiacho mtu aende wapi na kumebaki kilomita ngapi. Kipo kibao cha amri na onyo. Na kipo kibao cha maelezo, ambacho kazi yake ni kumfanya msafiri akitazame kitu kilicho mbele yake kwa jicho jipya. Aina hii ya tatu ndiyo iliyo ngumu kuliko zote.

Mwandishi aliyeweka msingi wa fani hii ni Mmarekani Freeman Tilden, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1957, Interpreting Our Heritage, alitoa kanuni sita. Tatu kati yake zatuhusu sana. Kwanza, maelezo yasiyogusa lolote katika maisha ya msomaji hayazai kitu. Pili, habari tupu si ufafanuzi, ingawa hakuna ufafanuzi usio na habari. Tatu, shabaha kuu si kumfundisha mgeni bali ni kumchokoza afikiri. Baadaye, mwaka 1992, Sam Ham alisisitiza kwamba kibao chenye mada bila wazo kamili hakikumbukwi. Msomi wa fasihi ya Kiswahili hatapata taabu kulielewa jambo hili, kwani ndiyo tofauti tuliyoizoea kati ya mada na dhamira. "Mimea ya ukanda wa juu" ni mada. "Hapa kila mmea hujifunika usiku na kujifunua mchana" ni dhamira. Ile ya kwanza yafaa kuwa kichwa cha somo. Ya pili yafaa kuwa kichwa cha kibao.

Watengenezaji wa vibao wana kanuni nyingine, ya sekunde 3, sekunde 30 na dakika 3. Apitaye bila kusimama apate jambo katika sekunde 3. Asimamaye kidogo apate la sekunde 30. Na mwenye hamu apewe la dakika 3. Kwa hiyo kibao hupangwa kwa tabaka: kichwa kilicho sentensi kamili, aya moja fupi, kisha maelezo madogo chini ya picha. Lakini mlimani kanuni hii yahitaji marekebisho. Kwenye mita 5,000, hewa anayoivuta mtu ina oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Mtu ahemaye hasomi aya. Kwa hiyo kadiri njia ipandavyo ndivyo maneno yapunguavyo: langoni aya, vichakani sentensi, kileleni jina na urefu tu.

3. Tanzu tulizo nazo

Aghalabu hudhaniwa kwamba Waswahili na majirani zao hawana mapokeo ya maandishi mafupi yaliyowekwa hadharani. Kanga yatosha kuikanusha dhana hiyo. Jina la kanga ni matini ya maneno machache, yenye mizani, isomwayo na apitaye, nayo humchokoza msomaji bila kumweleza kila kitu. Utunzi wa majina ya kanga ni shule iliyo tayari kwa mtunzi wa vibao.

Utanzu wa pili ni kitendawili. Tilden ataka msafiri achokozwe. Nasi tuna utanzu mzima ambao kazi yake ni hiyo, tena wenye mwito na mwitiko. Kitendawili kinaafiki njia kwa namna ya pekee, kwa kuwa swali laweza kuwekwa kwenye kibao kimoja na jibu kwenye kibao kinachofuata, hatua mia mbili mbele. Chukua senesio mkubwa, ule mmea wenye shina nene usimamao kama mtu katika Bonde la Teleki. Majani yake yakifa hayaanguki. Hubaki yamelizunguka shina na kulikinga na baridi. Huko juu mchana ni kama kiangazi na usiku ni jalidi, siku zote za mwaka. Kibao chaweza kutega:

Babu hatupi nguo kuukuu. Kwa nini?

Na kibao cha pili kitegue: "Majani makavu ndiyo blanketi la senesio. Ukiyabandua, mmea utagandamana usiku wa leo." Hapo habari na katazo vimekuwa kitu kimoja, na neno "marufuku" halikuhitajika. Ndivyo ilivyo pia kwa pimbi, mnyama mdogo akaaye mawe ya kambi za juu, ambaye wanasayansi wamemweka karibu na ndovu katika ukoo: "Mimi mdogo kama sungura, ndugu yangu ni ndovu." Watoto wa shule wakishindania jibu, hawatakuwa na nafasi ya kumrushia mawe.

4. Sarufi ya kibao

Kiswahili kina nyenzo za kisarufi zinazofaa mno katika maandishi mafupi, lakini tafsiri huzificha. Tuchukue mifano ya kubuni:

(1a) Hii ni njia ambayo inatumiwa na ndovu.
(1b) Ndovu hupita hapa.

(1a) ina silabi 16, nayo yafuata mjengo wa Kiingereza. (1b) ina silabi 7. Kiambishi hu- chatosha kueleza desturi, na mahali pameelezwa na kibao chenyewe kwa kusimama kwake. Kanuni hii ni ya jumla: kibao ni matini iliyofungwa mahali, basi kisirudie kusema yale ambayo mahali pamekwisha kuyasema.

(2a) Jihadhari na mawe yanayoanguka.
(2b) Jihadhari na mawe yaangukayo.
(2c) Mawe huanguka hapa. Usisimame.

Katika (2a), -na- humfanya msomaji atazame juu aone kama mawe yanaanguka wakati huo, asipoyaona hupuuza. (2b) haifungi wakati, kwa hiyo ni bora. (2c) yapita zote mbili, kwa kuwa yamwambia la kufanya. Onyo lisilo na tendo ni habari tu.

Ziko pia tofauti za heshima. "Ni marufuku" ni sauti ya serikali, "Usi-" ni sauti ya mtu kwa mtu, "Mgeni,..." ni sauti ya mwenyeji. Si vibaya kutumia zote tatu, mradi kila moja iwe mahali pake. Moto huteketeza misitu na vichaka vya mlima. Hapo sauti ya serikali yastahili. Lakini njia yote ikisema kwa sauti hiyo, msafiri huziba masikio.

Suala la njeo lina uzito zaidi. Tazama:

(3a) Wagikuyu waliamini kwamba Ngai alikaa katika mlima huu.
(3b) Mlima huu ni mahali pa sala. Wako wausalio Ngai wakiuelekea hadi leo.

Kiambishi -li- katika (3a) kimewazika watu walio hai. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alikiita kitabu chake kwa Kiingereza kwa tendo hilo la kuuelekea Mlima Kenya, na wako wanaolitenda sasa. Mzee akipita njiani na kukuta imani yake imeandikwa kwa wakati uliopita, atakuwa amefukuzwa nyumbani kwake kwa silabi moja. Mtunzi wa kibao na apime kila -li- anayoiandika.

5. Majina na istilahi

Mlima wenyewe una majina mengi. Wagikuyu huuita Kĩrĩnyaga. Wamaasai huuita Ol Doinyo Keri, yaani mlima wa mabaka, kwa sababu ya weupe wa barafu na weusi wa mawe. Jina "Kenya" lilitokana na matamshi ya Wakamba, kwa kuwa mmishenari Krapf aliuona mlima mwaka 1849 akiwa Kitui. Naro Moru nayo ni Kimaasai, na maana yake ni mawe meusi. Kibao cha langoni kikiyaeleza majina haya, msafiri atajua tangu hatua ya kwanza kwamba mlima huu haukusubiri kugunduliwa.

Majina ya vilele yana kisa chao. Mackinder, aliyefika kilele cha juu mwaka 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, aliviita kwa majina ya malaiboni wa Kimaasai: Mbatian, Nelieng nduguye, na Lenana mwanawe. Tahajia ya kigeni imeyafunika, hata mwanafunzi aweza kudhani kwamba Batian na Nelion ni Wazungu. Sentensi moja kibaoni yatosha kuwarudisha wazee hao. Na palipo na majina ya Teleki, Mackinder na Shipton, haki yataka pawe pia na kibao cha Kisoi Munyao, aliyeipandisha bendera ya Kenya mlimani wakati wa Uhuru, Desemba 1963.

Kuhusu miti, mtunzi ana njia tatu: kukopa jina la kisayansi, kuunda neno, au kuchukua jina la wenyeji. Twapendekeza ya tatu itangulie. Upande wa Naro Moru mwerezi uitwe mũtarakwa na podo iitwe mũthengera, kisha jina la Kiswahili lifuate, na la kisayansi liwe kwa herufi ndogo chini. Upande wa Chogoria jina la kwanza liwe la Kimeru. Kwa njia hii mti hubeba lugha ya ardhi yake. Jambo moja la kiufundi lisisahauliwe: wachoraji wengi huziacha alama za juu ya ĩ na ũ. Alama hizo si pambo. Hizo ni irabu nyingine. Mhariri lazima aidhinishe ubao wenyewe, si karatasi tu.

Panapokosekana jina, maelezo yaliyo wazi ni bora kuliko istilahi mpya isiyojulikana. Kwa barafu kubwa itiririkayo polepole bondeni wako watumiao "barafuto". Neno hili lafaa kitabuni. Kibaoni lafaa pia, mradi sentensi yenyewe ilifasiri: "Barafuto ni barafu itembeayo." Kuliita "mto wa barafu" ni kumfanya msomaji atafute maji.

Vilevile, kibao kisisema jambo litakalogeuka kuwa uongo. Barafuto ya Lewis imepungua sana tangu ilipochorwa kwenye ramani mwaka 1934, na ile ya Gregory imetoweka. Kibao kisemacho "Barafu imelifunika bonde lililo mbele yako" kitabaki kikisema hivyo mbele ya mawe matupu. Katika Exit Glacier, Alaska, vibao vidogo vyenye tarakimu za mwaka peke yake vimesimamishwa mahali ukingo wa barafu ulipofika. Msafiri hutembea kutoka mwaka hadi mwaka. Ni matini ya neno moja, nayo yasema mengi kuliko aya. Njia kama hiyo yafaa kuigwa hapa, kwa tarakimu zilizochongwa katika mawe.

6. Sentensi iokoayo

Tumesema kwamba mtu aweza kufa kwa sentensi mbovu. Tueleze. Gari huweza kumfikisha mtu kutoka Nairobi hadi Met Station, yapata mita 3,050, katika siku moja. Kambi ifuatayo iliyozoeleka, Mackinder's Camp, iko yapata mita 4,200. Tofauti ni mita 1,150. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba juu ya mita 3,000 mtu asiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya malazi na malazi. Kwa hiyo njia hii humpandisha mtu mara mbili ya kiasi kifaacho, na kibao cha Met Station ndicho kilicho muhimu kuliko vyote.

Tafsiri ya ofisini ingeandika hivi:

(4a) Wageni wanashauriwa kwamba iwapo watapata dalili za ugonjwa mkali wa mwinuko, wanapaswa kuteremka hadi mwinuko wa chini mara moja.

Hakuna kosa la sarufi hapa. Lakini msomaji hajaambiwa dalili ni zipi. Neno "mwinuko" limetumika kwa maana mbili. Na "wanashauriwa" limeiondoa hatari. Tena, neno "wageni" limemtoa mpagazi, ambaye ndiye abebaye mzigo na ndiye wa mwisho kukiri kwamba anaumwa, maana akiteremka huenda akakosa ujira. Tulinganishe na:

(4b) Kichwa kinauma na chakula hakipiti? Usipande leo.
Unayumba, au unahema hata ukikaa? Shuka sasa, hata usiku.
Usishuke peke yako. Mgeni, mwongoza njia, mpagazi: sote ni sawa.

Matini ya (4b) yaweza kusomwa kwa sauti na mtu mmoja wengine wakasikiliza, na ndivyo vibao visomwavyo miongoni mwetu: mwalimu huwasomea wanafunzi, mwongoza njia huwasomea wageni. Kwa hiyo kipimo cha mwisho cha kibao cha Kiswahili ni sikio.

7. Njia na umbo la kibao

Njia ya mafunzo iwe mzunguko mfupi karibu na lango, ili wanafunzi waliokuja kwa siku moja waimalize bila kuchoka. Vituo viwe vichache, na kila kituo kiwe na kitu kinachoonekana, kinachosikika au kinachoguswa. Kibao cha maelezo kiwe cha chini na kilazwe kwa pembe ya digrii 30 hadi 45, ili mtoto na mwenye kiti cha magurudumu wakisome, na mandhari isizibwe. Mstari usiwe mrefu, na neno lisikatwe mwishoni mwa mstari: katika Kiswahili viambishi vya mwanzo hubeba nafsi na njeo, na msomaji akiona "wata-" peke yake hubaki amening'inia.

Ndovu hujikuna kwenye nguzo msituni, basi nguzo zichimbiwe chini sana. Juu ya mita 4,000 adui ni mwingine: udongo wenye maji huganda usiku na kuvimba, huyeyuka mchana na kushuka, hata nguzo hung'oka polepole. Huko jiwe lililochongwa lafaa kuliko mbao. Mazingira yenyewe yanadai ufupi ambao mtunzi mwema angeuchagua.

Kuhusu lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza viwe na herufi za ukubwa mmoja, na Kiswahili kitangulie. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kukiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Tena yaitaka serikali kuendeleza na kulinda lugha za watu wa Kenya. Matini mbili za kibao zisiwe kivuli cha kila moja. Kitendawili kibaki katika Kiswahili, na Kiingereza kitafute uchokozi wake.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kibao cha mlimani chahitaji maarifa ya njeo, ya rejesta, ya istilahi na ya fasihi simulizi. Maarifa hayo yako katika idara zetu. Maarifa ya njia yenyewe wanayo waongoza njia na wapagazi, ambao wamekuwa wakiieleza milima kwa mdomo miaka mingi. Lililobaki ni kuwakutanisha. Wanafunzi wa shahada wapande na waongoza njia, wasikilize wanavyoeleza, waandike rasimu kwenye karatasi ngumu, wazisimamishe njiani kwa mwezi mmoja, kisha wamwombe mwanafunzi wa shule ya msingi ya jirani asome kwa sauti na aeleze kwa maneno yake alichokielewa. Akishindwa kueleza, kosa si lake. Rasimu irudi mezani. Ubao usichongwe kabla mtoto huyo hajaelewa.